Watu Wawili Wanaoijua Kazi Yako

Kazi ya fundi wa lifti ni kazi ya mtu peke yake. Watu hudhani anashinda ndani ya lile sanduku, anapanda na kushuka nao, lakini sivyo. Mashine inayovuta lifti iko juu kabisa, ndani ya kijumba kidogo kilichojengwa kwenye paa, na huko ndiko fundi huyu alikoshinda kwa miaka kumi na tisa, akikagua kamba za chuma, akipaka grisi, akisikiliza mota kama daktari anavyosikiliza kifua. Chini walimjua kwa sauti tu. Lifti ikikwama walimsikia kwenye kispika kidogo ukutani: "Tulieni, msiguse mlango, nawashusha sasa hivi." Wakishafika salama walitoka mbio, kila mtu na shughuli zake, bila kujua sauti ile ilikuwa na uso gani. Hakuwalaumu. Mtu aliyekwama kwenye lifti anataka kutoka, hataki kufahamiana.

Kamera aliipata kwa bahati. Kampuni moja ya wapima ardhi, iliyokuwa ghorofa ya saba, ilihama, na kwa kuwa fundi aliwasaidia kushusha makabati, mkubwa wao akamwachia kamera iliyokuwa imelala kwenye droo. "Chukua, fundi. Kwetu imeshazeeka." Mwanzoni aliitumia kwa kazi tu, kuwaonyesha wakubwa wake mahali kamba ilipochakaa. Halafu siku moja mchana, akingoja mota ipoe, akaielekeza nje ya mlango, upande wa mapaa ya majirani, na hapo ndipo ugonjwa ulipomshika.

Maana juu ya mapaa kulikuwa na watu. Kulikuwa na mlinzi mzee aliyenyoa ndevu mbele ya kioo alichokitundika kwenye bomba. Kulikuwa na bibi aliyepanda nyanya kwenye makopo ya rangi. Kulikuwa na mpishi wa mgahawa aliyelala usingizi mzito huku amekaa wima juu ya kreti, mikono mapajani, kama anayengoja kuitwa ofisini. Na kulikuwa na dada mmoja wa ofisi ambaye kila saa ya chakula cha mchana alipanda, akavua viatu vyake vya kahawia, akaegemea ukuta, akafumba macho na kuliachia jua uso wake kwa nusu saa nzima. Mtu akiwa peke yake juu ya paa huwa na uso mwingine, ambao hashuki nao. Fundi aliupenda uso huo. Aliupiga picha miaka kumi na zaidi, na zile zilizomgusa alizisafisha, akazipanga ndani ya kasha la bati lililowahi kuwekewa vipuri.

Aliyezitazama alikuwa mmoja tu, mkewe, na mke huyo aliondoka. Hawakugombana. Nyumba ilinyamaza kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, hadi ikawa kijiko kikianguka jikoni wote wawili wanashtuka. Siku ya kuondoka alifunga mizigo yake mchana kweupe, akapika, akafunika chakula mezani, akakaa akimsubiri fundi arudi kazini ili amuage. Sasa ilikuwa miaka sita. Kasha la bati halijafunguliwa mbele ya mtu mwingine tangu hapo.

Mwaka huo kamera nayo ikaanza kumsaliti. Kitufe kilikwama, na ndani ya lenzi kukaota ukungu, utando mweupe wenye mizizi kama ya nyasi. Akaipeleka kwa fundi kamera, bwana mmoja mwenye kibanda cha vioo karibu na stendi, ambaye aliielekeza kwenye taa akaguna.

"Hii imekula chumvi nyingi, bwana. Nikiifungua, haifungiki tena."

"Hakuna dawa kabisa?"

"Dawa ni kuipenda hivyo hivyo," fundi kamera alisema, akamrudishia. Kisha akamwonea huruma. "Wewe si unapiga kwa mapenzi yako tu, si biashara? Basi nenda duka lile kubwa la kamera. Wamebandika tangazo mlangoni. Wanadhamini wapiga picha wa ridhaa, wanawapa vifaa."

Tangazo lilikuwepo kweli. Atakayechaguliwa angepewa kamera mpya na lenzi ndefu ya kuvuta mbali, na fundi alipofika kwenye habari za ile lenzi alimeza mate. Kwa lenzi kama ile angeweza kuona hata mapaa ya mtaa wa tatu. Akaomba fomu, akaenda kuisoma kwenye ngazi za jengo la jirani, kalamu mkononi. Picha ishirini, hilo halikuwa tatizo. Maelezo mafupi ya kwa nini unapiga picha, hilo lingemtoa jasho lakini lingepita. Kipengele cha mwisho ndicho kilichomkalisha pale hadi wali wake ukapoa ndani ya mfuko: "Taja watu wawili wanaoijua kazi yako, kila mmoja aandike barua."

Akawahesabu. Akaanza upya, labda kuna aliyemsahau. Hakuna aliyemsahau.

Akaanza na msimamizi wake, kwa kuwa huyo angalau aliijua kazi yake ile nyingine. Ofisi ya msimamizi ilikuwa chumba chembamba chenye funguo ukuta mzima. Fundi akamwekea picha mezani, akasimama akijikuna shingo. Msimamizi akaziangalia moja moja, na kadiri alivyoendelea ndivyo uso wake ulivyokunjamana.

"Hizi umezipigia wapi?"

"Juu. Nikingoja mota ipoe."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

Msimamizi akazigeuza picha zote zikatazama meza. "Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali. Nikiandika kwamba naijua kazi yako hii, maana yake nilijua kuwa fundi wangu anawapiga picha watu wa majengo mengine saa za kazi. Wewe utapata kamera, mimi nitapata barua."

"Barua gani?"

"Ya kujieleza."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi. Msimamizi akazirudisha picha ndani ya bahasha, ila moja akaichomoa tena, ya mpishi aliyelala. "Huyu kama shemeji yangu kabisa," alisema. "Hulala hivi hivi hata misibani." Akamrudishia nayo.

Fundi alikaa siku nne akiupiga chenga ukweli. Ya tano akapiga moyo konde, akaenda kwenye duka la mapazia.

Aliyekuwa mkewe alikuwa akimpimia mteja kitambaa, mita ya utepe shingoni. Alimwona mlangoni, akasimama kidogo, akaendelea kupima hadi mwisho, akakata, akakunja, akamsindikiza mteja. Kisha akaondoa mafungu ya vitambaa kwenye kiti.

"Karibu. Habari za siku nyingi?"

"Njema. Za hapa?"

"Tunashukuru." Akamtazama vizuri. "Kuna msiba?"

"Hapana. Nina shida ya karatasi tu."

Akaikunjua fomu. Mwanamke akafungua droo, akatoa miwani, akaivaa. Fundi hakujua kwamba siku hizi anavaa miwani. Ni jambo dogo, lakini lilimchoma mahali asipopatarajia, akatazama upande wa cherehani. Alijua ameolewa tena, na mwalimu mmoja mpole, na hilo alikuwa ameshalizoea. Miwani hakuambiwa na mtu.

"Watu wawili wanaoijua kazi yako," mwanamke alisoma kwa sauti. "Na mmoja ni mimi."

"Ndiyo."

"Umezileta?"

Akampa bahasha. Alizitazama kama anavyotazama kitambaa, kila moja akiigeuzia mwanga wa mlangoni, hana haraka. Picha za zamani alizitambua.

"Bibi wa nyanya. Bado yupo?"

"Nyanya zilikoma miaka miwili iliyopita. Makopo bado yapo."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. "Hii ina wingu kwenye kona."

"Si wingu. Lenzi imeota ukungu."

"Lo. Mimi nilidhani umepata siku nzuri."

Akafika kwa yule dada aliyefumba macho. Hakuipitisha. Akaitafuta nyingine yake, na nyingine, akazipanga mbele yake hadi zikafika saba.

"Huyu ni nani?"

"Simjui."

"Humjui, na unazo saba?"

"Hapa ni saba. Nyumbani ziko zaidi."

"Na yeye anajua?"

Nje pikipiki ilipita, fundi akaingoja iishe kana kwamba ndiyo iliyomzuia kujibu. "Hapana," akasema.

Mwanamke akazikusanya picha, akazigonga kingo zake mezani zikae sawa. "Nitakuandikia. Ila mimi sijui kuandika uongo, unanijua."

"Andika unachokijua."

"Njoo Ijumaa."

Ijumaa alipokwenda hakumkuta. Alikuwa ameenda kufunga mapazia kwenye nyumba ya mteja, na bahasha ameiacha kwa msichana anayemshonea. Ilikuwa imebandikwa gundi. Fundi akaishika kwa vidole viwili, akashukuru, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, msichana akamwuliza kama kuna kingine. Hakuna kingine. Akaondoka nayo bila kuifungua.

Lile swali, na yeye anajua, liliendelea kumfuata ngazi hata ngazi. Akaanza kuligeuza kwa namna ya kujisaidia. Ni nani anayeijua kazi yake kuliko aliyemo ndani yake? Kama dada yule angeziona picha, angeona jinsi alivyopigwa kwa heshima, na huenda angekubali kuandika mistari miwili. Wazo likamnogea. Siku mbili zile alikuwa akitembea nalo kama mtu mwenye barua ya posa mfukoni, na hata kushona kifungo cha shati alishona.

Jengo la dada lilikuwa la mbele tu, upande wa pili wa barabara. Kampuni ya bima, ghorofa ya sita. Fundi akamweleza mtu wa mapokezi kuwa anamtafuta dada mrefu kidogo, wa viatu vya kahawia, akaambiwa asubiri kwenye korido, penye dirisha. Dada akaja akikausha mikono kwa karatasi. Kwa karibu alikuwa mkubwa kuliko alivyodhani, na kwenye paji la uso alikuwa na mikunjo miwili ambayo lenzi haikuwahi kumwonyesha.

"Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni fundi lifti wa jengo la mbele."

"Lifti yetu nzima."

"Najua. Sijaja kwa ajili ya lifti."

Akampa picha saba. Akabaki anamtazama anavyozitazama. Kwa picha ya kwanza dada alitabasamu, kama mtu aliyepewa kitu alichokipoteza. Kwa ya pili tabasamu likasimama. Baada ya hapo alikuwa akitazama nguo tu, gauni la kijani, sweta, gauni la kijani tena, na fundi akaelewa kuwa anahesabu misimu.

"Hii ni ya lini?"

"Mwaka jana. Hiyo ya sweta mwaka juzi."

"Unakaa wapi ukinipiga?"

Fundi akamwonyesha kwa kidole kupitia dirishani, juu kule, kimlango cha bati kwenye paa la upande wa pili. Dada akakitazama kimlango kile kwa muda.

"Kaka," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "nyumbani tunaishi watu tisa. Chumba nalala na mama mkwe na watoto. Humu ofisini tuko kumi na wanne, meza zimebanana, ukipiga chafya inamfikia wa pili. Ile nusu saa ndiyo pekee niliyokuwa nayo ambayo haina mtu. Kumbe tulikuwa wawili."

"Sikuwa na nia mbaya."

"Najua. Ungekuwa na nia mbaya usingekuja." Akaziangalia tena. "Ni nzuri. Hilo sikatai. Ulikuwa unataka nini?"

Akamweleza habari za udhamini na barua, kwa kigugumizi, na alivyokuwa akieleza alijisikia kama anasoma maombi ya mtu mwingine.

"Siwezi," dada alisema. "Nitaandika nini? Kwamba naijua kazi yako? Nimeijua leo. Naomba nibaki nazo hizi."

"Chukua."

"Na zilizobaki?"

"Nitakuletea kesho."

Akampelekea kweli, zote, na zile zilizokuwa ndani ya kamera akazifuta mbele yake, moja baada ya moja, dada akisimama kando kama mteja anayengoja risiti. Ilichukua dakika ishirini. Miaka minne ikaisha kwenye korido. Dada akamshukuru kwa adabu, akarudi ndani.

Wiki ile dada hakupanda juu. Fundi alitazama bila kamera, mchana hadi mchana. Paa lilikuwa na jua lile lile na ukuta ule ule, na gazeti la mtu lililokuwa likipeperushwa kutoka kona hii hadi ile. Wiki ya pili vivyo hivyo. Ikamwingia akilini kwamba amemnyang'anya mtu kitu pekee alichokuwa nacho, na kwamba alikuwa amekinyang'anya zamani, ila sasa ndiyo mwenyewe amepata habari.

Akaenda kwa msimamizi, akaomba kubadilishana jengo na mwenzake wa upande wa sokoni. Akasingizia magoti.

"Magoti? Kule ngazi ni nyingi zaidi."

"Hata hivyo."

Msimamizi akamtazama, akaona bora asichimbe, akamkabidhi funguo nyingine. Kabla hajahama fundi alivuka barabara mara ya mwisho, akamkuta mlinzi wa jengo la bima mlangoni.

"Yule dada wa ghorofa ya sita, wa viatu vya kahawia. Mwambie fundi lifti wa jengo la mbele amehamishwa. Kule juu hakuna mtu."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Mwambie hivyo hivyo."

Kama ujumbe ulifika hakujua. Kutoka jengo jipya paa la bima halikuonekana, lilizibwa na hoteli.

Fomu aliirudisha siku ya mwisho, shingo upande. Walitaka picha ishirini, yeye alikuwa na kumi na tatu, kwa kuwa nafasi za zile saba za dada hakutaka kuzijaza. Walitaka barua mbili, yeye alikuwa na moja, na hata hiyo hakujua inasema nini. Kwenye nafasi ya mtu wa pili aliandika: "Niliyemwomba alikuwa mmoja wa watu waliomo kwenye picha. Amekataa, na picha zake nimemrudishia." Alipomaliza akaisoma, akaona ni kama mtu aliyejiandikia mwenyewe jibu la kukataliwa. Akaikabidhi, akaenda zake kazini.

Walimpigia baada ya mwezi. Mota ilikuwa ikinguruma, ikabidi wamwambie mara tatu.

Chumba cha nyuma cha duka kilinukia maboksi mapya. Mezani walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwenye duka, mwanamke wa umri wa kuitwa bibi ambaye wafanyakazi wote walimwita Mkuu, na wa pili mpiga picha wa harusi, bwana mwenye koti zuri na saa kubwa. Huyu ndiye aliyeanza.

"Una wafuasi wangapi mtandaoni, mzee?"

"Sina."

"Hata ukurasa?"

"Hata ukurasa."

Bwana wa harusi akashusha pumzi. "Unajua, mdhamini hutoa kitu ili apate kitu. Tukikupa kamera yetu ukakaa nayo huko juu, nani ataiona?"

Fundi akafikiri kwa makini. "Mota," akasema. Hakukusudia kuchekesha, lakini Mkuu alicheka hadi akavua miwani kufuta macho.

Alipoirudisha miwani usoni alikuwa mtu wa kazi. "Huyu aliyekataa. Ilikuwaje?"

Fundi akamsimulia. Alisimulia vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, ila hakuacha kitu, hata la kuhama jengo akalisema. Bwana wa harusi aliacha kuchezea saa yake. Mkuu akavuta karatasi kutoka kwenye jalada.

"Na hii barua ya mtu wa kwanza, umeisoma?"

"Ilifungwa."

"Isome. Sisi tumeshaisoma, si siri tena."

Mwandiko aliujua, ule wa kulalia kushoto, wa kuandikia vipimo vya madirisha.

"Mimi nilikuwa mke wa mwombaji kwa miaka kumi na mmoja," barua ilisema. "Kazi yake naijua kwa sababu kila Jumapili alipanga picha mezani na chakula tukakilia mkekani. Watu husema nilimwacha kwa sababu ya picha, na yeye hajawahi kuwakatalia, kwa hiyo nalikataa mimi hapa. Nilimwacha kwa sababu alikuwa haongei, na mimi nilikuwa naanza kusahau kuongea. Alipokuwa na picha mkononi ndipo aliponiambia jambo. Kwa picha moja alinieleza mengi kuliko wiki nzima. Ana macho ya kumwona mtu aliyechoka bila kumdharau, na hilo silioni kwa wengi. Ubaya wake ni kwamba hasogei. Naona kwenye tangazo lenu kwamba mtatoa lenzi ya kuvuta mbali. Tafadhali msimpe hiyo. Mtakuwa mmemsaidia kukaa alipo. Kama mna ya karibu, mpeni ya karibu."

Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Mkuu na bwana wa harusi walijifanya wana la kuzungumza kuhusu maboksi. Fundi akaikunja barua katika mikunjo yake ya awali, akaiweka mezani, kisha akaisukuma mbele kidogo kwa kidole.

"Kamera mpya anapewa mwanafunzi mmoja anayepiga ndege," Mkuu alisema. "Ana picha zake ishirini na barua zake mbili, sheria ni sheria. Lakini nina kabati la vifaa vya kukodisha. Humo nina kamera imetumika, nzima kabisa, na lenzi fupi. Nakuazima mwaka mmoja. Kila utakayempiga atie saini kwamba amekubali. Mwaka ukiisha nataka picha kumi za kutundika kwenye ukuta wa duka langu."

"Lenzi fupi haivuti?"

"Haivuti hata kidogo. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, mwendee."

Akaichukua. Uongo mbaya, moyoni hakufurahi. Alikuwa ameota lenzi ndefu miezi mitatu, akaamka na fupi, na kila alipoiinua kule juu mapaa yote yalikimbilia mbali, watu wakawa vidoa. Jumapili ile alikaa na simu mezani tangu asubuhi, akaandika, akafuta, mwishowe akamtumia aliyekuwa mkewe maneno manne: "Barua nimeisoma. Nimepata. Ahsante."

Jibu lilikuja kesho yake mchana. "Haya, nimefurahi. Kazi njema." Alifikiri majibu mengi ya jibu hilo, moja likiwa kuhusu miwani, na hakutuma hata moja.

Akaanza kushuka na kupanda. Mpishi alimfukuza. "Nilale halafu unipige picha? Si nitajua, na nikijua nitalalaje?" Bibi wa nyanya alikuwa amehamia kwa mwanawe. Wawili walitaka kwanza wakavae nguo nzuri, na walipotoka nazo hawakuwa tena wale aliowajua. Mmoja alisema ndiyo, akaona fomu ya saini, akasema hapana. Kwa mwezi mzima aliambulia picha mbili, zote za watu waliokaza midomo kama wanapigwa za kitambulisho.

Mwezi wa pili, juu ya jengo la upande wa sokoni, alimkuta mama mmoja akiosha matangi ya maji. Ni kazi yake, huzunguka majengo na ndoo na brashi ndefu, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa amekaa kwenye mdomo wa tangi, miguu ndani, akipumzika. Fundi akaomba. Mama akasoma fomu nzima, neno kwa neno, akatia saini kwa mkono uliolowa.

Fundi akasogea hatua mbili, akainua kamera. Mama akakaza shingo. Fundi akashusha.

"Mbona kimya?" mama aliuliza. "Unanitazama hivyo bila neno, naona kama niko hospitali. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekuja kwangu."

Fundi akatafuta, na kilicho karibu kilikuwa mota. Akaanza na mota. Akamweleza kwamba kila mota ina mlio wake, kwamba ya jengo hili hukohoa ikifika ghorofa ya nne, na kwamba zamani kamba zilikaguliwa kwa kupitisha kitambaa juu yake, kikinasa ujue kuna uzi umekatika. Mama akauliza uzi ukikatika inakuwaje. Akamjibu. Mama akasema kwa hiyo miaka yote hiyo amekuwa akipanda kitu kinachoning'inia kwenye nyuzi, na angeambiwa mapema angetumia ngazi. Akawa anacheka na kukamua brashi kwa wakati mmoja, na fundi, ambaye koo lilikuwa limemkauka kwa kusema sana, akasogea hatua moja zaidi na kubonyeza.

Alibonyeza mara sita. Mama hakuuliza kama amemaliza. Alitazama saa, akasema bado ana majengo mawili kabla ya jioni, akaruka chini, akakusanya ndoo zake na kushuka kwa ngazi, kwa kuwa lifti, alisema, ameshaikatia tamaa kwa leo.

Fundi akabaki juu. Akaitazama picha ya nne, akaikuza, mikono ile, maji yale, jicho lililokuwa likimtazama yeye na kumwona. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Akafungua fomu zake, akaiweka ile iliyolowa juu ikauke, akaizuia kwa koleo isipeperuke, akakaa kando yake akingoja.